Mikono ya Fundi na Ushahidi wa Damu

Mkono wa saidia fundi aliyekoroga zege kwa miezi mingi unajitambulisha wenyewe. Vidole vimekakamaa, ngozi ya mgongo wa kiganja imekuwa nene na nyeusi kuliko ya mkono wote, na katikati ya vidole kuna mipasuko inayofunguka kila anapokunja ngumi kushika chepe. Usiku mkono unawasha hadi usingizi unakatika. Duka la dawa limeshamuuzia dawa ya fangasi, likamuuzia sabuni ya dawa, likamuuzia na krimu yenye steroidi iliyompa nafuu ya wiki mbili, kisha hali ikarudi pale pale. Asichoambiwa ni kwamba mkono huo unaweza kuwa na ugonjwa mmoja kati ya magonjwa mawili yanayofanana mno kwa macho, au yote mawili kwa pamoja, na kwamba mustakabali wa kazi yake unategemea ni upi.

Ugonjwa wa kwanza ni wa kuunguzwa polepole. Saruji ikishachanganywa na maji inakuwa alkali kali, pH yake inavuka 12. Inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, inalegeza tabaka la juu, na mchanga unamalizia kwa kusugua. Hapa kinga ya mwili haina kisa na saruji. Yeyote atakayeshinda na zege bichi mikononi, siku baada ya siku, ataugua. Akipata glavu za mpira zisizotoboka, maji safi ya kunawa na mafuta ya kupaka, ngozi inajijenga upya na kazi inaendelea.

Ugonjwa wa pili ni mzio. Ndani ya saruji kuna kromiamu kidogo sana, inayotoka kwenye malighafi na kwenye matofali ya tanuri inamochomewa. Sehemu ya kromiamu hiyo iko katika umbo liitwalo kromiamu sita, ambalo huyeyuka majini na kupenya ngozi kwa urahisi. Ikishaingia hubadilika kuwa kromiamu tatu, ikajishikiza kwenye protini za mwili, na protini hizo zikawa ngeni machoni pa kinga. Inaweza kuchukua miaka fundi akifanya kazi bila tatizo lolote. Siku kinga ikishajifunza kuitambua, haisahau. Kuanzia hapo kiasi ambacho mwenzake hakihisi kabisa kinatosha kumwasha yeye, na kinaendelea kumwasha hata akiacha ujenzi. Ngozi nyingi za viatu na mikanda, hata za glavu za kazi, hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu. Kuna mafundi walioshauriwa wavae glavu za ngozi wajikinge na saruji, mikono ikazidi kuwa mibaya, kwa sababu kinga waliyopewa ilikuwa na kitu kile kile kinachowaumiza.

Hapo ndipo utambuzi unapokuwa suala la riziki. Wa kwanza anahitaji glavu na maji. Wa pili anahitaji kukaa mbali na kitu kimoja maisha yake yote, na pengine kubadilisha kazi. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, WCF. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Zote zinatambua kwamba kazi inaweza kumtia mtu ugonjwa. Lakini ili madai yasimame, daktari lazima aweze kuandika kwamba ngozi hii imeugua kwa kitu hiki, na kitu hiki kiko kazini kwake. Cheti kilichoandikwa "ukurutu" peke yake hakimfikishi mtu mbali. Kibarua anayelipwa jioni kwa kazi ya siku, asiye na mkataba wala mwajiri anayemtambua kesho, anaanza safari hiyo akiwa nyuma zaidi ya wote.

Kwa hiyo swali linaloshughulisha maabara kadhaa za Ulaya na Marekani linatuhusu moja kwa moja. Je, inawezekana kuchukua damu kidogo kutoka mkononi mwa mfanyakazi na kusoma humo kwamba ngozi yake imeugua kwa sababu ya kazi, na kwa sababu ya kitu gani hasa?

Jibu linaanzia kwa simbilisi. Karl Landsteiner, mwanasayansi aliyegundua makundi ya damu na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1930, alitumia miaka yake ya mwisho katika Taasisi ya Rockefeller, New York, akichunguza jinsi kemikali ndogo zinavyoweza kuichokoza kinga. Mwaka 1935, yeye na John Jacobs walionyesha kwamba kemikali sahili ikipakwa kwenye ngozi ya simbilisi inaweza kumfanya mnyama awe na mzio nayo. Kisha mwaka 1942, akiwa na Merrill Chase, alichukua seli nyeupe kutoka kwa simbilisi mwenye mzio na kumtia mwenzake ambaye hajawahi kuiona kemikali hiyo. Huyu wa pili, alipopakwa kemikali, ngozi yake ikavimba. Majimaji ya damu yasiyo na seli, yale yanayobeba kingamwili, hayakuwa na uwezo huo.

Ugunduzi huo una zaidi ya miaka 80, na bado unapuuzwa kila siku kwenye madirisha ya maabara. Mzio wa kugusana na kitu, wa kromiamu au nikeli, rangi ya nywele au gundi za epoksi, hukaa ndani ya seli hai, zile tunazoziita seli T. Haumo kwenye kingamwili. Lakini mtu akienda mjini akisema ngozi inamwasha, mara nyingi huuziwa kipimo cha damu cha "aleji" chenye orodha ndefu: vumbi, maziwa, karanga, samaki, manyoya ya paka. Kipimo hicho hutafuta kingamwili aina ya IgE. Ni kipimo kizuri kwa swali lake, yaani pumu, mafua ya mzio na vyakula vinavyovimbisha midomo dakika chache baada ya kuliwa. Kwa fundi mwenye mzio wa kromiamu hakina jibu. Anaweza kutoka na karatasi inayomwambia aache kamba na mayai, akaacha, akatumia fedha ambazo angenunulia glavu, na mikono ikaendelea kupasuka. Hili linaniuma, kwa sababu anayeibeba gharama hiyo ndiye asiyeimudu.

Kuna kundi moja la wafanyakazi ambalo IgE imelisaidia sana: wauguzi na madaktari wenye mzio wa mpira wa asili. Matumizi ya glavu yalipopanda katika miaka ya 1980 na 1990, hospitali zilijaa watumishi wenye vipele vya ghafla mikononi, wengine wakibanwa kifua. Protini za mpira zilikuwa zikigandana na unga uliotiwa ndani ya glavu na kuelea hewani. Kwao kipimo cha damu kilionyesha kisa, kwa kuwa mzio ule ni wa kingamwili na hujitokeza ndani ya dakika. Ujerumani ilizuia glavu za mpira zenye unga mwaka 1998, na Marekani ikapiga marufuku glavu za matibabu zenye unga kuanzia Januari 2017. Wanaopara samaki na kumenya kamba nao wanaweza kupata mzio wa namna hii. Wengine wote wanaougua kwa kugusa kemikali wanahitaji njia nyingine.

Njia hiyo ipo tangu mwaka 1895. Josef Jadassohn, daktari wa ngozi aliyekuwa Breslau, alieleza mbele ya wenzake kwenye mkutano mjini Graz kwamba mgonjwa ambaye ngozi yake imechachamaa baada ya dawa yenye zebaki, ukimbandika dawa hiyo hiyo kwenye kipande kidogo cha ngozi, unauona ugonjwa ukizaliwa upya mahali pale tu. Kipimo cha kubandika kinachotumika leo hakijaachana sana na wazo lake. Daktari huweka vidonge vidogo vya vaselini iliyochanganywa na kemikali, dikromati ya potasiamu asilimia 0.5, salfeti ya nikeli asilimia 5 na nyinginezo, ndani ya visahani vya alumini vya milimita 8, akavibandika mgongoni kwa safu. Vinakaa siku mbili. Vikibanduliwa, mgongo unasomwa, unasomwa tena siku ya tatu au ya nne, na mara nyingine siku ya saba. Palipo na mzio panavimba, panakuwa na vipele vidogo, pakizidi panatoa malengelenge. Palipoungua tu pana sura nyingine: kingo kali, ngozi kavu, na hali inayofifia badala ya kupanda siku zinavyosonga.

Kwa nini siku zote hizo? Kwa sababu seli T zina mwendo wake. Kemikali ikipenya, seli za doria zilizomo kwenye ngozi, ambazo Paul Langerhans alizichora mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa tiba, huibeba hadi kwenye tezi za limfu. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshajifunza, seli T za kumbukumbu hukusanyika kwenye ngozi na kuanza vita ndani ya siku moja hadi tatu. Ucheleweshaji huo ndio unaowachanganya watu kazini. Fundi aliyemwaga zege Jumatatu anaanza kuwashwa Jumatano akiwa nyumbani, akaisingizia sabuni ya kufulia.

Kipimo cha kubandika ni kizuri na kina ugumu wake, na hapa kwetu ugumu huo ni mkubwa zaidi. Mgongo haupaswi kulowa siku zote hizo. Mtu anayeishi na joto la Dar es Salaam au Mombasa, anayebeba mifuko ya kilo 50, atabandua vibandiko kwa jasho kabla ya saa sita mchana. Akitaka kipimo kifanikiwe hana budi kupumzika, na kila siku ya mapumziko ni siku isiyo na ujira. Kemikali za kupimia huagizwa nje, zinahitaji friji, na zina tarehe ya kuisha. Kisha kuna jicho. Vitabu vingi vya kusoma kipimo hiki vimejaa picha za ngozi nyeupe iliyoiva wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliokolea au urujuani, na mara nyingi ncha za vidole vya daktari anayepapasa uvimbe na vipele ndizo zinazosoma kwa usahihi zaidi ya macho. Ujuzi huo upo, na unafundishwa: Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimewaandaa madaktari na maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika. Lakini Moshi ni moja, na maeneo ya ujenzi yako kila wilaya.

Ndiyo maana mrija wa damu unavutia. Wengi wetu tumeshaiona hatua hii ikichukuliwa kwa ugonjwa mwingine. Ile sindano ndogo ya kupima kifua kikuu, inayochomwa kwenye ngozi ya mkono na kusomwa baada ya saa 48 hadi 72, huamsha seli T za kumbukumbu kama zile zinazoitikia kibandiko mgongoni. Kwa kifua kikuu wanasayansi walifaulu kuuhamishia mtihani nje ya mwili. Damu huchanganywa na protini za bakteria, huachwa kwenye joto la mwili usiku kucha, kisha hupimwa interferoni gama, protini ambayo seli T huitoa zinapomtambua adui. Kama bakteria inawezekana, kwa nini isiwe kromiamu?

Majaribio ya kujibu hilo yana miongo kadhaa. Njia ya kale zaidi huzitenga limfositi kutoka kwenye damu, huziweka pamoja na chumvi ya metali kwa siku tano au sita, na kupima kama zimezaliana. Njia nyingine hutumia sahani yenye vishimo 96, kila kishimo kimetandikwa chini utando wenye kingamwili zinazonasa protini inayotolewa na seli. Seli inayoitambua nikeli hutema protini hiyo, protini inanaswa papo hapo ilipotua, na baada ya kutiwa rangi kila seli iliyoitikia inaacha doa moja. Mtaalamu anahesabu madoa. Kishimo chenye nikeli kinalinganishwa na kishimo kisicho nayo, na tofauti ndiyo jibu. Kuna uzuri wa pekee katika kazi hii: kati ya malaki ya seli zilizomwagwa pale, chache zinazokumbuka zinajitaja zenyewe, moja moja.

Njia mpya zaidi hazisubiri hata siku. Watafiti wa Taasisi ya Shirikisho ya Tathmini ya Hatari, Berlin, wamekuwa wakitumia alama iitwayo CD154, ambayo huchomoza juu ya seli T saa chache tu baada ya seli kuitambua kemikali. Kwa kuzichuja seli zenye alama hiyo waliweza kuvisoma hata vipokezi vyake, na wakakuta kwamba seli zinazoitambua nikeli hurudia rudia aina fulani ya kipokezi kuliko inavyotarajiwa kwa bahati. Hilo linatia matumaini, maana siku moja huenda isihitajike hata kuziamsha seli. Ingetosha kusoma kipokezi na kujua ni kitu gani mwili ulikutana nacho.

Kizuizi kimoja ni mahali seli zenyewe zinapoishi. Mwaka 2006 watafiti wa Boston walikadiria kuwa ngozi ya mtu mzima ina seli T zipatazo bilioni 20, karibu mara mbili ya zile zinazozunguka kwenye damu. Sehemu kubwa ya ulinzi wa ngozi imepanga makazi kwenye ngozi yenyewe na haizunguki mwilini. Tunapochota damu mkononi tunawahoji wapita njia kuhusu jambo ambalo wenyeji wanalijua zaidi, na katika wapita njia hao wanaoijua kromiamu ni wachache mno.

Kizuizi cha pili ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote. Mwaka 1998 kundi la watafiti wa Roma, wakiongozwa na Andrea Cavani, walilinganisha seli za watu wenye mzio wa nikeli na za watu wasio na mzio huo. Makundi yote mawili yalikuwa na seli T zinazoitambua nikeli. Wenye mzio walikuwa na seli za mashambulizi, hasa za kundi la CD8. Wasio na mzio walikuwa na seli za CD4 tu zilizoitambua nikeli, na miongoni mwazo zimo zinazotuliza. Yaani damu ya mtu mzima wa afya inaweza kuitikia "naijua" bila ngozi yake kuwahi kuwasha. Damu inatunza kumbukumbu ya kukutana. Ugonjwa ni jambo jingine, linaloamuliwa na aina ya seli zinazokumbuka, wingi wake, na hali ya ngozi inayokutana na kemikali. Kipimo cha damu cha kifua kikuu kina mpaka huo huo: kinasema mwili umekutana na bakteria, na hakiwezi chenyewe kutofautisha anayeumwa na aliyeyabeba maambukizi yaliyolala.

Kwa hiyo mtafiti anayetangaza kipimo cha damu cha mzio wa kazini hana budi kuonyesha kwamba kinamtofautisha fundi mgonjwa na fundi mwenzake wa zamu ile ile ambaye ni mzima. Kumtofautisha na karani asiyewahi kugusa saruji ni rahisi, na hakumsaidii mtu.

Upo mfano mmoja wa mafanikio, na inafaa kuona kwa nini ulifanikiwa. Beriliamu ni metali nyepesi inayotumika kwenye silaha za nyuklia na vyombo vya anga. Vumbi lake huamsha seli T na kuyaharibu mapafu, na linaweza pia kuidhuru ngozi. Nchini Marekani, Wizara ya Nishati iliweka kanuni mwaka 1999 inayowapa wafanyakazi wake wanaokutana na beriliamu kipimo cha damu cha kuzaliana kwa limfositi. Mfanyakazi huhesabiwa kuwa na mzio matokeo yakithibitishwa kwa kurudiwa, kisha mapafu yake huchunguzwa. Kitu kinachotafutwa ni kimoja na kinajulikana. Wafanyakazi wanajulikana kwa majina. Damu husafirishwa haraka ikiwa hai hadi kwenye maabara chache zilizobobea. Na matokeo husomwa pamoja na historia ya kazi. Mjenzi wa nyumba za kupanga Mbagala au Kayole hana hata kimoja kati ya hivyo vinne, na mfumo wowote utakaobuniwa kwa ajili yake utalazimika kuanzia hapo.

Wengine wameacha kutafuta kumbukumbu ya kemikali na kutafuta dalili za moto wenyewe. Japani, tangu mwaka 2008, bima ya afya hulipia kipimo cha protini ya damu iitwayo TARC, inayopanda na kushuka kadiri pumu ya ngozi inavyozidi au kupungua. Inamwambia daktari ukali wa ugonjwa. Haimwambii umesababishwa na nini. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha kazi iliyotumia kompyuta kuchambua maelfu ya jeni katika vipande vya ngozi vilivyotolewa mahali palipobandikwa vizio na vichokozi, wakapata kundi dogo la jeni linaloutenga mzio na kuungua. Tofauti ipo, basi, na inasomeka. Lakini ilisomwa kwenye ngozi. Kuifuatilia hadi kwenye damu, ambako ishara hizo zinachanganyika na mafua, malaria na minyoo, ni kazi ngumu zaidi, na kwa nchi zetu ambako mwili wa mfanyakazi mara nyingi una vita zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kipimo lazima kithibitishwe hapa hapa kabla ya kuuzwa hapa.

Jeni zimeleta kishawishi kingine, na hiki nakipinga kwa nguvu. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba watu wengi wanaougua kwa beriliamu wana alama fulani ya kurithi kwenye jeni iitwayo HLA-DPB1. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kuwa hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayoshikilia tabaka la juu la ngozi, huongeza uwezekano wa pumu ya ngozi, na watu hao mikono yao huharibika upesi zaidi kwa kazi za maji na sabuni. Ni rahisi mwajiri kuwaza kwamba awapime wanaoomba kazi na kuwaacha nje wenye alama. Wengi wenye alama ya beriliamu hawaugui kamwe. Hitilafu za filagrini zinazojulikana Ulaya kaskazini ni adimu kwa Waafrika, hivyo kipimo hicho hapa kingewaacha wagonjwa wengi bila kuwatambua. Na hata kama kingekuwa sahihi, kumchuja mtu ili mkebe wa kemikali ubaki kungekuwa ni kumwadhibu asiye na kosa.

Pwani yetu ina kisa kinachoonyesha vizuri ni wapi damu ingesaidia leo. Wachoraji wa hina wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, na wenzao wa Muscat, hutumia pia piko, ile rangi nyeusi inayokolea ndani ya dakika chache. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, PPD kwa kifupi, mojawapo ya vizio vikali vinavyojulikana. Bibi harusi anapakwa mara moja. Mchoraji anaigusa kila wiki, na msusi anayepaka wateja rangi ya nywele anaigusa kila siku. Mwenye mzio nayo anaweza kuvimba uso hadi macho yakafumba, na akaja kuitikia pia baadhi ya dawa za ganzi na rangi za vitambaa zinazofanana nayo kikemikali. Kumbandika mtu kama huyo PPD mgongoni kunaweza kumtoa malengelenge makubwa na makovu meusi yanayodumu miezi, na mara chache kibandiko chenyewe kinaweza kumwanzishia mzio mtu ambaye hakuwa nao. Kwa mgonjwa wa namna hii, seli zake zikihojiwa ndani ya mrija, mgongo wake unasalimika.

Lakini seli zinapaswa kufika hai. Hilo ndilo jambo ambalo makala nyingi za kitaalamu hulipita kwa mstari mmoja, na kwetu ndilo kikwazo. Majimaji ya damu kwa ajili ya IgE yanaweza kugandishwa na kusubiri. Limfositi zinahitaji kufika maabara ndani ya siku moja hivi, bila kupata joto kali wala kuwekwa kwenye barafu. Damu iliyochotwa Kigoma Ijumaa jioni ina safari ngumu. Hivyo kama wafadhili na vyuo vyetu wataingia kwenye utafiti huu, na ninatamani waingie, ningependa waanze na mrija unaoweza kuhimili basi la usiku kabla ya kutafuta alama mpya kumi.

Wakati hayo yanasubiriwa, sehemu kubwa ya utambuzi inabaki kwenye maswali. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyechapisha kitabu chake kuhusu magonjwa ya mafundi mwaka 1700, aliwataka madaktari wenzake wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani. Mgonjwa mwenyewe anaweza kulifanya jibu liwe na manufaa. Aandike tatizo lilianza lini na alikuwa akifanya nini wiki hiyo. Aangalie kama mikono ilipona alipokwenda kijijini kwa sikukuu na ikaanza tena aliporudi. Apige picha ya mfuko wa saruji, kopo la rangi au chupa ya kemikali, hasa upande wenye maandishi madogo. Aseme glavu anazovaa ni za nini, na viatu ni vya nini. Aulize wenzake wangapi wanawashwa. Daktari mwenye taarifa hizo na kibandiko kimoja cha dikromati anaweza kuandika cheti kinachosimama.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji damu wala mgongo wa mtu. Saruji ikikorogwa na maji, maji yake yakachujwa na kutiwa kemikali ya difenilikabazaidi, kromiamu sita ikiwepo maji hugeuka rangi ya urujuani, na ukolevu wa rangi unaonyesha kiasi. Denmark ilianza mwaka 1981 kuongeza salfeti ya chuma kwenye saruji ili kuibadilisha kromiamu sita kuwa kromiamu tatu isiyoyeyuka kirahisi. Sheria ikafuata mwaka 1983, na mzio wa kromiamu ukapungua kwa wajenzi wa huko. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni kuanzia Januari 2005. Salfeti hiyo hupoteza nguvu saruji ikikaa sana ghalani au ikipata unyevu, kwa hiyo mifuko inayouzwa huko inapaswa kuandikwa tarehe ya kufungashwa, namna ya kuitunza, na muda ambao kromiamu itabaki chini ya kikomo.